Pistoni Haisemi Uongo: Kufufua na Kuseti Injini ya Pawasoo Kuukuu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika kurasa za gazeti hili mmezoea kusoma juu ya ngeli, methali na mashairi ya arudhi. Mhariri wetu aliniambia mwaka huu kila mwanachama aandike juu ya kitu anachokijua kwa mikono yake, si cha kunakili vitabuni. Basi nami nikachagua injini ya pawasoo. Najua kamusi inataka tuseme msumeno wa mnyororo, lakini hapa Elburgon ukiingia karakana ukasema hivyo mafundi watakutazama tu. Kwa hivyo nitatumia maneno ya karakana, na mwalimu wetu wa Kiswahili aniwie radhi. Mtumbwi usio na nahodha huenda mrama, lakini na injini isiyo na jina la kueleweka nayo haifunguki.

Pawasoo ninayoizungumzia ni STIHL 070 ya mjomba wangu. Andreas Stihl alianzisha kampuni yake Ujerumani mwaka wa 1926, na mwaka wa 1959 kampuni hiyo ikatoa pawasoo iitwayo Contra, ambayo cheni yake huzungushwa na krenki moja kwa moja bila gia katikati. Hii 070 ni uzao wa Contra. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 58 na pistoni husafiri milimita 40. Chukua fomula ya mcheduara, ukokotoe, utapata sentimita 105.7 za ujazo. Yaani ni injini inayokaribia ile ya bodaboda ndogo, ila hii unaibeba mikononi, na uzito wake unapita kilo 10 kabla hujaweka bledi na cheni. Ndiyo maana waparuzi wa mbao wa huku kwetu huipenda. Hupasua gogo la msaiprasi au mkaratusi kwa urefu bila kuona haya. Ni mashine ya zamani, haina breki ya cheni kama za siku hizi, na opareta asiyejua hilo ataonyeshwa na mashine yenyewe.

Mjomba hupata riziki yake kwa hiyo pawasoo. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, yeye alijifunza kufuata kazi mbali, katika mashamba ya watu binafsi. Hata baada ya rais kutangaza Julai 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mazoea hayo hayakumtoka. Basi mwaka jana alipata kazi Kilifi, kuangusha na kupasua miembe mikuukuu ya mzee mmoja aliyetaka mbao. Akasafiri na pawasoo pamoja na kijana wake wa mkono, ambaye kazi yake ni kuchanganya petroli, kunoa cheni na kupiga kabari.

Siku ya tatu injini ikanoki. Ilipanda sauti, ikalia kama nyigu, kisha kimya. Ukivuta kamba haivutiki.

Sasa hapo ndipo maneno yalipoanza. Injini ya pawasoo ni ya mapigo mawili, yaani ile mafundi wanayoiita 2T. Haina tangi la oili la kulainisha pistoni na beringi kama injini ya gari. Oili yake yote huja ndani ya petroli, ikiwa imechanganywa nje na binadamu. Binadamu huyo alikuwa yule kijana. Mjomba hakuuliza mara mbili. Alisema kijana alisahau oili, akatia petroli tupu, akaua mashine. Akamkata mshahara wa wiki mbili uwe wa pistoni, na kijana akarudi kwao Molo akiapa kwamba oili alitia. Nani atamwamini? Kila opareta ninayemjua, injini ikinoki, husema ni kijana wa mkono.

Mashine ikarudishwa Elburgon ndani ya gunia, ikapelekwa kwa fundi mmoja wa jua kali ambaye mimi humsaidia wakati wa likizo. Ni mzee kuliko mjomba, na huzungumza na injini zaidi ya anavyozungumza na watu. Nilikuwa pale tulipoifungua. Nitaeleza tulivyofanya kwa utaratibu ili yeyote mwenye pawasoo ya aina hiyo nyumbani afuatilie.

Jambo la kwanza, kabla ya kugusa spana, ni kuhesabu skrubu za kabureta. Kabureta ya hii mashine ina skrubu mbili za sindano. Ile iliyoandikwa L ni ya petroli ya mwendo wa chini, na H ni ya mwendo wa juu. Ukikaza, yaani kufuata saa, petroli hupungua. Ukilegeza, petroli huongezeka. Fundi aliniambia, "Kaza pole pole hadi iguse chini, usibane, na uhesabu." Sindano ni laini, ukiibana hupasua kiti chake na kabureta imekwisha. Nikahesabu. L ilikuwa imefunguliwa mzunguko mmoja. H ilikuwa imefunguliwa nusu mzunguko na zaidi kidogo tu. Fundi akaniambia niandike kwenye daftari. Hakusema kitu kingine. Watu wengi hung'oa kabureta na kuisafisha kwanza, na kwa kufanya hivyo wanafuta ushahidi.

Halafu plagi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia pale kwenye kauri, kama chai ya maziwa iliyokolea. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, petroli inazidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na joto ni kali. Hii ilikuwa nyeupe kama chaki.

Tulitoa sailensa, tukachungulia kupitia tundu la moshi, kisha tukafungua nati nne za silinda na kuing'oa. Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ningependa msome polepole. Pistoni ina pande mbili zinazojali sana. Upande mmoja unatazama tundu la kutolea moshi, na upande wa pili unatazama tundu la kuingizia hewa na petroli. Upande wa moshi hupata joto kali zaidi, kwa kuwa moto wote hupitia hapo. Upande wa kuingizia hupozwa na mchanganyiko baridi unaoingia. Ikiwa injini imekosa oili kabisa, pistoni hukwaruzika pande zote, kuzunguka, kwa sababu hakuna upande uliolainishwa. Beringi kubwa ya krenki nayo huwa kavu, na mara nyingi chuma chake hugeuka rangi ya samawati kwa joto. Lakini ikiwa oili ilikuwamo na injini imekufa kwa kuungua, mikwaruzo huanza upande wa moshi, na ule mwingine hubaki mzima.

Pistoni ya mjomba ilikuwa imechimbwa mitaro upande wa moshi pekee. Ringi zilikuwa zimenasa katika mifereji yake upande huo. Nikaigeuza. Upande wa kuingizia, ile mistari myembamba ya kiwandani bado ilionekana, na juu yake kulikuwa na utando wa oili wa kahawia. Fundi akaingiza kidole chini kwenye krenki, akakitoa kikiwa kinang'aa kwa mafuta. Akanionyesha kidole chake kama vile mwalimu anavyomwonyesha mwanafunzi jibu ubaoni.

"Hii imelia upande mmoja," akasema.

Hata hivyo hatukuridhika na hilo. Katika gunia mjomba alirudi na jerikeni ya kijana, na ndani kulikuwa na mchanganyiko uliobaki. Nilichukua karatasi ya daftari la hesabu nikachora miduara mitatu. Wa kwanza nilidondoshea petroli safi. Wa pili nilidondoshea petroli niliyoichanganya mwenyewe, kipimo kimoja cha oili ya 2T kwa vipimo 25 vya petroli. Wa tatu nikadondoshea ya jerikeni, baada ya kuitikisa. Tukaacha karatasi kivulini, mbali na moto. Petroli ikikauka huondoka bila kuaga, lakini oili haiondoki, huacha doa linaloangaza ukiinua karatasi kwenye mwanga. Mduara wa kwanza ulikauka ukawa kama haukuguswa. Wa pili na wa tatu madoa yake yalifanana kama mapacha. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini halifanywi kila mara kabla ya mtu kukatwa mshahara.

Kwa hivyo oili ilikuwamo. Ila bado kulikuwa na washukiwa wawili. Injini inaweza kuungua kwa kukosa petroli ya kutosha kwa sababu skrubu imefungwa mno, au kwa sababu inavuta hewa ya wizi kupitia sili zilizozeeka pembeni mwa krenki. Pistoni haiwezi kutofautisha hayo mawili, alama ni zile zile. Lazima ipimwe. Tulirudisha silinda juu ya gasketi, tukaziba tundu la moshi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyobanwa kwa vibati, tukaingiza hewa kwa pampu kupitia tundu la plagi hadi geji ikasoma nusu baa, kama pauni 7. Zaidi ya hapo ni kuharibu sili nzima. Kisha tukapaka povu la sabuni kila mahali: kwenye gasketi, nyuma ya flaiwili na nyuma ya klachi. Hakuna Bubujiko hata moja. Sindano ya geji ilisimama pale pale kwa zaidi ya nusu dakika.

Akabaki mshukiwa mmoja, skrubu H, nusu mzunguko na kidogo.

Hapa nawaomba wale wanaosinzia katika somo la fizikia waamke. Elburgon iko juu ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Lita moja ya hewa yetu ina uzito wa karibu gramu 0.9, na lita moja ya hewa ya Pwani, hata pamoja na joto lake, inakaribia gramu 1.2. Kabureta haijui gramu. Yenyewe huvuta petroli kwa kadiri ya kasi ya hewa inayopita kooni mwake. Pawasoo ya Pwani ikipandishwa huku hupata hewa nyepesi lakini petroli haipungui kwa kiasi kile kile, kwa hivyo hushiba petroli kupita kiasi, hutoa moshi na kukosa nguvu. Opareta wa huku hufanya nini? Hukaza H. Mashine inalia vizuri, kazi inaendelea, na hiyo si vibaya. Sasa ichukue mashine hiyo iliyokazwa uishushe Kilifi. Hewa inakuwa nzito, petroli haiongezeki vya kutosha, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Mchanganyiko mkavu huwaka kwa joto kali zaidi, na injini hupanda kasi kuliko kawaida. Na kumbuka kwamba oili husafiri ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Injini inapata joto zaidi na ulainishaji pungufu kwa wakati mmoja, na kijana wa mkono anaweza kuwa amechanganya kwa uaminifu kama mfamasia.

Mjomba alikuja jioni. Mtoto hamhukumu mjomba wake, kwa hivyo nilinyamaza nikaendelea kuosha nati. Fundi ndiye aliyemweka pistoni mkononi.

"Ulikaza H lini?"

"Hapa nyumbani. Ilikuwa inatoa moshi sana."

"Na ulipofika Pwani uliifungua?"

Mjomba hakujibu. Aliigeuza pistoni, akatazama upande mmoja, akatazama wa pili. Fundi akamwambia, "Kijana hana makosa. Oili iko." Kisha akanitaka nimletee ile karatasi yenye madoa.

Turudi kwenye silinda. Silinda hii ndani imepakwa kromiamu ngumu, na pistoni ni ya alumini. Pistoni inaponoki huacha alumini imeganda kwenye ukuta wa silinda, na ukiangalia unadhani silinda imekatika. Wengi huitupa hapo. Lakini alumini ile inaweza kuondolewa kwa kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni, kwa sababu kostiki hula alumini na haili kromiamu. Wanakemia wa kidato cha tatu watakumbuka kwamba alumini ikikutana na sodiamu haidroksaidi na maji hutoa gesi ya haidrojeni. Kweli utaona mapovu. Tuliyeyusha kidogo katika maji, tukapaka kwa kijiti chenye pamba juu ya alama peke yake. Umakini wake ni huu: mwili wa silinda wenyewe ni alumini, kwa hivyo kostiki ikigusa kingo za matundu itatafuna silinda. Paka, subiri mapovu yapungue, pangusa, paka tena. Suuza kwa maji mengi. Glavu na miwani ni lazima, na moto au sigara isiwe karibu kwa ajili ya ile haidrojeni. Mimi si wa kuwatisha watu, lakini tone la kostiki jichoni halina methali.

Baada ya hapo tulisugua kwa msasa laini, kwa mkono, tukivuka mistari kama msalaba, kisha tukapitisha ukucha. Ukucha haukunasa. Kama kromiamu ingekuwa imebanduka, tungeona kiraka chenye rangi tofauti na ukucha ungekwama, na silinda ingekuwa ya kutupwa kweli. Hii ilipona.

Pistoni na ringi zilinunuliwa mpya. Ringi mpya haitiwi tu. Iingize kwanza peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, uangalie pengo pale ncha zake zinapokutana. Lazima pengo liwepo, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto, lakini liwe dogo sana. Fundi hupima kwa vibamba vya kupimia na husema pengo likifika milimita moja ringi hiyo ni bangili. Mshale juu ya pistoni utazame tundu la moshi. Ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake vidogo, la sivyo zitanasa kwenye tundu na kuvunjika. Klipu zinazoshika pini ya pistoni ziwe mpya siku zote. Klipu ya zamani ni ya bei ya peremende ila ikichomoka inakula silinda nzima. Beringi ya pini tuliibadilisha pia. Kila kitu kilipakwa oili ya 2T kabla ya kuingia.

Pointi sitazieleza kwa kirefu. Mashine hii ni ya zile zenye pointi na kondensa chini ya flaiwili. Zisafishe, uweke pengo la milimita 0.35 hadi 0.4 zinapofunguka kabisa, na plagi pengo la milimita 0.5. Kujua zinafunguka lini hasa, mafundi wa zamani hubana kijikaratasi cha sigara katikati ya pointi na kukivuta polepole huku flaiwili inazungushwa. Kikiachia, pointi zimefunguka. Ndiyo, ni karatasi ya sigara iliyopatikana mfukoni mwangu siku moja shuleni, na mwalimu wa nidhamu sasa ajue ilikuwa ya kazi gani.

Kabureta ilifunguliwa, ikaoshwa, na ngozi zake za ndani zikabadilishwa. Ngozi hizi ndizo hupampu petroli na kuipima, na ndizo huiwezesha pawasoo kufanya kazi ikiwa imelala ubavu, jambo ambalo kabureta ya pikipiki haliwezi. Zikikauka hukakamaa kama karatasi ya kaki, na hapo hata ungeseti skrubu mpaka jioni hutapata kitu.

Sasa kuseti. Kwanza, kichujio cha hewa kiwe safi. Ukiseti na kichujio kichafu umeseti uchafu. Pili, petroli mpya. Kwa oili ya kawaida ya 2T mashine hizi za zamani hutaka 1 kwa 25, yaani mililita 200 katika lita 5. Kwa oili ya mtengenezaji kitabu chake huruhusu 1 kwa 50, yaani mililita 100 katika hizo lita 5. Tatu, bledi na cheni viwe vimefungwa na kukazwa sawasawa, na mashine iwe chini, imara, watu wakae kando.

Tulifungua L na H mzunguko mmoja mmoja. Huo ni mwanzo tu, wala si jibu. Mjomba akavuta kamba. Ilikataa mara nne, ya tano ikashika. Tukaiacha ipate joto kwa dakika chache bila kuipigisha kelele. Kisha L: fundi aliigeuza huku na huku mpaka akapata pale injini inapozunguka kwa utulivu, na ukivuta triga inapanda mara moja bila kusita. Ikisita kana kwamba inameza mate, L imekazwa mno. Ikipanda kwa kukohoa na moshi, imelegea mno. Skrubu ya tatu, ya mwendo wa kusimama, ikarekebishwa mpaka cheni ikaacha kuzunguka yenyewe. Cheni inayozunguka bila triga ni hatari, nisikilizeni hapo.

H ndiyo yenye siri, na siri yake iko masikioni. Fundi alinishika bega. "Haya mama, sikiliza. Usitazame."

Mjomba akavuta triga yote, bila kugusa gogo. Ikiwa H imefunguliwa sawasawa, injini isiyo na mzigo hutoa sauti ya kukatikakatika, brrr-brrr-brrr, kama mtu anayetetemesha midomo. Ni petroli iliyozidi kidogo, na injini inawaka kwa kurukaruka. Kisha mjomba akaizamisha kwenye gogo. Mara tu cheni ilipouma, kukatikakatika kule kukaisha, sauti ikanyooka ikawa nzito na safi. Akiinua, kunarudi. Akizamisha, kunanyooka. Hapo ndipo penyewe. Kama sauti ni safi na kali hata kabla ya kugusa gogo, wengi hufurahi na kusema mashine ina nguvu, kumbe ndiyo inaungua. Nadhani masikio ya maopareta wetu yamefunzwa vibaya. Wanapenda ule mlio wa nyigu.

Tulimaliza H ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja kasoro sehemu ya nane, na kwa matangi matatu ya kwanza fundi aliiacha imelegea zaidi kidogo ili ringi zizoeane na silinda. Plagi ilitolewa baada ya kila tangi. Tangi la tatu ilikuwa kahawia.

Jumamosi iliyofuata mjomba alipanda matatu kwenda Molo. Sikuwapo, lakini mkazamjomba aliniambia alirudisha pesa za wiki mbili zote, akaongeza na nauli ambayo kijana alijilipia kutoka Kilifi. Walikunywa chai. Kijana alikubali kurudi kazini, ila kwa sharti moja, kwamba kila akichanganya petroli mjomba awepo aone.

Mwezi wa Aprili walishuka tena Pwani kumaliza miembe ya yule mzee. Mkazamjomba alikuwa ameweka alama mbili kwenye kabureta kwa rangi yake ya kucha, nyekundu ya nyumbani na nyeupe ya Pwani, robo mzunguko zaidi, kwa kukisia. Walipofika mjomba akampigia fundi simu, akavuta triga karibu na simu tusikilize. Karakana nzima ilinyamaza. Fundi akatikisa kichwa, akamwambia simu inakula sauti, afungue kidogo zaidi ya ile nyeupe, akate gogo moja kubwa, azime, atoe plagi na asome rangi.

Baada ya nusu saa simu ikalia. Alikuwa ni kijana. "Shikamoo Mzee. Ni kahawia."